Jiwe la Herufi Nene

Mtaa mzima ulikuwa umevaa herufi za Fundi. Ukisimama kwenye kona ya kinyozi na kutazama hadi ghala la saruji, ungeziona kila mahali: nene, za mviringo, zisizo na mkia wala pembe, kila mstari na unene uleule tangu unapoanza hadi unapoishia, na kila ncha imefinyangwa kama kidole cha mtoto mchanga. Watu waliziita Wanene. Mteja akija alisema tu, "Niandikie kwa Wanene," na Fundi alijua.

Zilikuwa herufi za kuita, si za kusimulia. Ukiziandika ndogo, matundu ya A na R yanaziba na neno linakuwa doa. Lakini zipe ubao wa hatua mbili, uzipandishe juu ya mlango, na mtu aliye ng'ambo ya barabara atazisoma huku anatembea.

Fundi mwenyewe hakuweza kuzisoma.

Siri hiyo waliijua watu wawili, yeye na mkewe, na sasa mkewe alikuwa na miezi minne kaburini.

Alitoka shule kabla ya kumaliza darasa la kwanza, baba yake alipofariki, na kazi ya mabango alijifunza kwa macho. Kwake kila herufi ilikuwa umbo lenye tabia yake. S alikuwa nyoka aliyeshiba. A ilikuwa hema. M ilikuwa milima miwili. R alikuwa mtu aliyetanguliza mguu. O ilikuwa pete, na pete ni lazima ipite kidogo juu ya mstari wa chaki na kidogo chini yake, la sivyo ikikaa kati ya wenzake inaonekana imedumaa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mteja alileta maneno kwenye karatasi, Fundi akayanakili umbo baada ya umbo, na nafasi kati yao akaipima kwa jicho, kama mtu anayepanga wageni kwenye benchi ili asibanwe mtu wala asiachwe mtu peke yake.

Mkewe ndiye aliyesoma. Karatasi ikifika aliisoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea tu. Fundi akimaliza kuchora kwa chaki, kabla ya rangi, mama yule alivuka barabara na kusimama upande wa pili. Akiinua kiganja, mambo ni sawa. Akijikuna kichwa, kuna kosa, na Fundi alishuka ngazi kwenda kunywa maji ili aambiwe liko wapi. Wateja walidhani anapenda kutazama kazi ya mumewe. Ikawa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja.

Katika miaka yake miwili ya mwisho, kisukari kilimla macho. Kitabu chake cha sala akakiweka kando, akawa anasali kwa yale aliyokariri, na mwishowe maandishi pekee aliyoweza kuyasoma duniani yalikuwa Wanene, maana hao walionekana hata kwenye ukungu. Hospitalini, siku tatu kabla hajaondoka, alimshika mumewe mkono.

"Jiwe langu uliandike mwenyewe," alisema. "Na usiniandikie zile nyembamba zenye mikia. Nitashindwa kujisoma."

Kisha akacheka, na Fundi naye akacheka, kwa sababu yeye alicheka.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yake sasa. Bamba la saruji nyeupe lilikuwa tayari, limesuguliwa hadi likawa laini kama sahani, na ndugu walikuwa wameitwa makaburini Jumamosi kulisimika. Yule aliyekuwa akivuka barabara hayupo. Akikosea jina la mkewe, kosa hilo litasimama juu ya kichwa chake mvua na jua, na ndugu zake watalisoma wote. Angeweza kumwomba binti yake asome. Lakini binti alikuwa amekua akijivunia baba anayeandika mji mzima, na Fundi hakujua angeanzia wapi kumwambia.

Ndiyo maana, mwezi mmoja baada ya mazishi, alijiandikisha masomo ya jioni. Kwa binti alisema anaenda kusali.

"Mbona sala zimekuwa nyingi, Baba?" aliuliza binti huku akimwekea chai.

"Dhambi nazo."

Uongo huo ulimchoma. Akaanza kupitia kwanza nyumba ya ibada, akapiga magoti dakika chache kwenye benchi la nyuma, ili angalau nusu ya maneno yake iwe kweli. Aliomba jambo moja tu: "Mungu wangu, mkono ulinipa. Nipe na jicho."

Darasa lilikuwa la watoto wadogo, lenye madawati ya kugonga magoti. Mwalimu, dada wa umri wa binti yake, aliandika ubaoni ma, me, mi, mo, mu, na watu wazima tisa wakaitikia pamoja. Neno lilikatwa vipande, kila kipande kikapewa pumzi yake, kisha vikaunganishwa. Fundi hakujua mwandiko mwingine, kwa hiyo daftarini mwake aliandika kwa Wanene. Mistari mitatu ilijaza ukurasa.

"Baba, daftari hili litakwisha Ijumaa," alisema mwalimu.

"Mwache, mwalimu," alisema mpagazi wa sokoni aliyekaa naye. "Mwandiko wake unasomeka kutoka nyumbani kwangu. Wangu ni kama kuku kapita."

Wiki ya saba, akirudi nyumbani, alisimama mbele ya kinyozi. Bango lile aliliandika yeye mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita. Midomo yake ikatembea. Ki. Nyo. Zi. Akalitazama lililofuata, nalo likamjibu. Akaenda hivyo mtaa mzima, bango baada ya bango, kama mtu aliyekaa miaka na majirani bubu na leo wote wamemsalimia. Alipofika nyumbani alikuwa na hamu ya kumwambia mtu, na mtu wa kuambiwa hakuwepo. Akaketi kitandani na viatu vyake.

Siku chache baadaye mwenye duka la dawa alitaka bango jipya. Fundi aliisoma karatasi mwenyewe, akachora, akapaka rangi, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji mtu ng'ambo ya barabara. Kesho yake asubuhi mwenye duka alimtumia salamu aje.

"Mzee wangu, njoo tusimame huku." Alimvusha barabara. Walipogeuka, aliliangalia bango akiwa ameshika kiuno. "Sikiliza nikusomee. Du. Ka. La. Da. Wa. Hebu niambie, duka langu lilianza kigugumizi lini?"

Muuza matunda aliyekuwa karibu alidakia, "Labda limemeza dawa zake lenyewe."

Fundi aliona. Baada ya kila silabi aliacha nafasi ya upana wa kiganja, mahali ambapo darasani wangevuta pumzi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuacha nafasi namna ile, na jana alipokuwa juu ya ngazi hakuiona hata chembe. Alikuwa akisikiliza.

Alilifuta na kulirudia. Mara ya pili aliogopa mapengo, akazibana herufi kama watu waliokimbilia mvua chini ya kibaraza kimoja. Mara ya tatu alichukua rula. Lakini Wanene hawapimwi kwa rula. Pete ikisimama karibu na hema inahitaji nafasi yake, na nguzo mbili zikisimama pamoja zinahitaji nyingine. Bango likatoka limenyooka na halina uhai.

"Basi, linasomeka," alisema mwenye duka kwa upole. "Ila hawa si wale Wanene wako. Pumzika kidogo, mzee wangu. Msiba unachosha."

Jioni ile hakufika darasani. Alikaa kwenye benchi la nyuma hadi watu wote wakaondoka. "Nilikuomba jicho," alisema, "umenipa. Na mkono umeuchukua." Alikuwa amezoea kutojibiwa haraka, akaendelea kukaa.

Siku ya Alhamisi jiwe lilikuwa juu ya meza ya karakana, limeegemezwa ukutani, maana ukiandika kitu kilicholala jicho linakudanganya. Karatasi ya maneno, kwa mwandiko wa binti, ilikuwa imebandikwa kando. Jina. Mwaka na mwaka. MAMA YETU. DADA YETU. AMEPUMZIKA. Fundi alikuwa amechora kwa chaki na kufuta mara tatu. Kila alipotazama, hakuona hema wala milima. Alisikia ma na ma, da na da, na mkono ukafuata sauti.

Akaketi kwenye ndoo. Hapo ndipo alipoukumbuka mlango wa karakana moja ya magari, zamani sana. Mafundi seremala waliusimamisha kichwa chini bila kumwuliza, naye akageuza karatasi na kuuandika vilevile. Siku walipoutundika watu walisema hajawahi kuandika vizuri namna ile. Herufi ikiwa kichwa chini haina jina. Ni umbo tu.

Aliinuka akalishika jiwe. Halikusogea. Lilikuwa la kubebwa na watu wawili.

"Hodi, shemeji."

Mlangoni alisimama kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa ghala la saruji, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi hata siku za kazi. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa.

"Karibu, shemeji. Angalia ndoo hapo."

Shemeji aliruka ndoo, akatazama jiwe, akatazama vumbi la chaki sakafuni. "Bado uko kwenye chaki? Jumamosi ni keshokutwa."

"Kalenda ninayo."

"Kalenda unayo, jiwe huna." Akakunjua karatasi. Ilikuwa na maneno yaleyale kwa herufi nyembamba zenye mikia, kama za kitabu. "Binti yako amenitolea kwenye mashine pale kazini kwake. Usimkasirikie, nilimwomba mimi. Fundi wa marumaru anaweza kuchonga kesho."

"Nitaandika mimi."

"Shemeji, sina ugomvi na kazi yako. Lakini ukweli usemwe, hizo ni herufi za kuuza sabuni. Watu watafika pale waulize kama kaburi lina soda baridi."

Fundi alikaribia kutabasamu. "Yeye angecheka."

"Yeye angecheka. Mimi nitaona aibu."

"Aliniomba Wanene. Kwa mdomo wake, kule hospitali."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi tu."

Shemeji aliigonga karatasi kwa kidole, kama anayesubiri shahidi mwingine. Fundi alifungua mdomo aseme, wewe unanijua, mimi si mtu wa uongo. Akaufunga. Alifikiria sala za kila jioni alizomdanganyia binti yake. Alifikiria glasi zote za maji alizokunywa bila kiu. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Shika upande ule," alisema. "Tuligeuze. Juu iende chini."

"Umgeuze dada yangu kichwa chini?"

"Ni jiwe, shemeji."

"Ni la kwake."

"Nikiliandika limesimama sawa nitaliharibu. Nimejaribu tangu asubuhi." Alivuta pumzi. "Mimi sikuwa najua kusoma. Nimeanza juzi juzi, masomo ya jioni. Sasa nikitazama neno nalisikia, na nikilisikia silioni. Likiwa kichwa chini nitaliona."

Shemeji alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya debe la rangi bila kulifuta.

"Mabango yote haya?"

"Yote."

"Na la ghala letu? Lile lina maneno tisa."

"Alilisoma dada yako. Alisimama pale kwenye nguzo ya umeme, saa sita mchana."

Shemeji alikunja karatasi yake mara mbili, taratibu.

"Siku ile nilimsema," alisema mwishowe. "Nilitoka ofisini nikamkuta pale. Nikamwambia, wewe mke wa mtu, unasimama juani kama umefukuzwa nyumbani, watu wananiuliza. Hakunijibu. Nikaona ni kiburi. Tulikaa karibu mwaka hatusalimiani vizuri."

"Angejibu, angenitaja."

"Sasa ndiyo naelewa." Alitazama viatu vyake. "Angeniambia mimi, kaka yake. Ningekucheka wewe mbele za watu, ni kweli. Nisingeweza kuacha."

"Alikujua."

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni wenye gurudumu bovu, ukapita, ukaishia mbali. Kisha shemeji aliinuka, akaitia ile karatasi mfukoni, akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi.

"Nyanyua kwa magoti, si kwa mgongo," alisema. "Sote wawili tumevuka sitini."

Waliligeuza. Fundi akageuza na karatasi ya binti, akaibandika upya. Kisha aliweka kiganja juu ya saruji baridi, akafumba macho, na shemeji naye akainamisha kichwa bila kuambiwa. Sala ilikuwa fupi. Hakuomba jicho wala mkono. Aliomba asimwangushe mkewe.

Akapiga uzi wa chaki kuweka mistari. Akaanza na mstari ambao sasa ulikuwa wa juu na ambao ungekuwa wa mwisho. Na wakarudi. Hema ikiwa imepinduka kama chombo cha kukinga maji. Milima yenye vilele vinavyoning'inia. Mtu aliyetanguliza mguu, sasa ameuinua hewani. Hawakusema chochote. Walisogea tu, huyu akaomba nafasi, yule akampa.

Shemeji alishika kopo la rangi nyeusi. Baada ya muda alinyoosha kidole. "Hapo inafuata ile..."

"Usiitaje."

"Nilitaka tu kusema ni..."

"Shemeji, ukiitaja nitaisikia."

Shemeji alifunga mdomo. Kwa karani aliyesoma stakabadhi kwa sauti miaka thelathini, haikuwa kazi ndogo. Alisimama saa moja na nusu bila neno, akihamisha kopo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, huku brashi ikitembea nene na polepole, ikizunguka ncha moja baada ya nyingine. Matundu ya A aliyaacha wazi zaidi kuliko kawaida, kwa ajili ya mtu asiyeona vizuri. Pete mbili zilizokuwa kwenye jina la mkewe alizipitisha kidogo juu ya mstari, na kidogo chini.

Alipomaliza hakurudi nyuma kutazama. Aliosha brashi kwanza.

Walingoja rangi ishike. Shemeji aliuliza kama binti anajua.

"Bado. Nitamwambia leo, akitoka kazini."

"Nikae?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Saa kumi alasiri Fundi aligusa ukingo wa herufi kwa ncha ya kidole, na kidole kikatoka kikavu. Wakalishika jiwe pembeni, mbali na rangi, wakaligeuza na kuliegemeza ukutani. Shemeji alilisoma mara moja, kwa macho, kama wanavyosoma watu waliosoma tangu utotoni. Uso wake ulibadilika, lakini alikumbuka, hakusema.

"Lisome wewe," alisema.

Fundi alisimama mikono nyuma kama darasani. Alianzia chini, kwa sababu aliogopa juu.

"A," alisema. "Ame. Amepu." Akakwama. Mdomo wa shemeji ulifunguka kidogo, kisha ukafungwa. "Amepumzi. Ka. Amepumzika."

Akapanda. Dada yetu. Shemeji alitazama pembeni. Mama yetu. Akasoma na ile miaka, ambayo aliijua bila kuisoma. Hakukuwa na pengo popote, wala msongamano. Maneno yalikuwa yametulia mahali pake, makubwa na laini, na hayakuwa yakiuza kitu.

Ukabaki mstari wa juu. Tangu binti azaliwe alikuwa amemwita Mama tu, kama walivyomwita wote nyumbani, na kabla ya hapo alimwita kwa jina la utani ambalo hakumwambia mtu. Jina lake kamili alilisikia harusini na mazishini. Kulisoma kwa sauti, hakuwahi kamwe.

Alilisoma kwa vipande, silabi kwa silabi, hadi mwisho.

"Ndilo," alisema shemeji.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akalirudia tena, polepole, kwa sauti ya chini ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili, na safari hii hakulikata.